Nyumba Bila Ardhi: Ushirikiano wa Jamii na Haki ya Kumiliki Makazi Mjini

Mjadala wa nyumba za bei nafuu nchini Kenya huanza na bei na kuishia kwenye bei: nyumba ya vyumba viwili ni shilingi ngapi, malipo ya kwanza ni asilimia ngapi, riba itashuka lini. Mimi nilikulia Kisauni, Mombasa, katika nyumba iliyokuwa yetu tangu msingi hadi paa huku ardhi iliyoibeba ikiwa ya mtu mwingine, na tangu utotoni nimeona kwamba kabla ya kuuliza bei kuna maswali mawili ya kuulizwa kwanza, nayo ni nani anaishika ardhi na kwa masharti gani, na nani ameandikwa kwenye orodha ya wanaostahili kukaa juu yake. Nimefuatilia kwa miaka mingi miradi ambayo wakazi wameshirikiana na serikali za mitaa, mashirika na wakopeshaji ili kujipatia makazi, hapa kwetu na ng'ambo. Nionavyo mimi, iliyofaulu ni ile iliyoyajibu maswali hayo mapema, na iliyokwama ilikwama papo hapo, hata pale ambapo fedha zilikuwepo.

Utaratibu wa nyumba bila ardhi ni wa kale katika Pwani ya Kenya, na wasomaji wa bara huenda wakaushangaa. Mwenye shamba humruhusu mtu ajenge katika kiwanja chake. Aliyejenga hulipa kodi ya ardhi kila mwezi. Nyumba ni mali yake, aweza kuiuza, kuipangisha na kuwarithisha watoto wake, ila ardhi haimo katika mauzo wala urithi huo. Chanzo chake ni desturi za Pwani na fiqhi ya Kiislamu, ambazo hazioni ajabu jengo kuwa la huyu na ardhi kuwa ya yule, ilhali sheria ya Kiingereza iliyoletwa na wakoloni husema kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa mwambao wajitokeze kudai ardhi zao. Waliodai na kukubaliwa wakapata hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Familia chache zikatoka na mashamba makubwa yenye hati safi, na wajukuu wa watu waliokuwa wakilima na kukaa huko wakajikuta wapangaji au maskwota. Sehemu kubwa za Majengo, Kisauni na Likoni zilijengwa kwa mtindo huo.

Kwetu, karani wa mwenye shamba alipita nyumba kwa nyumba kila mwanzo wa mwezi akiwa na kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo, wala haikumsumbua mtu. Kilichosumbua ni sharti ambalo kila mtu mtaani alilijua: usijenge kwa mawe na saruji bila idhini, maana jengo la kudumu lingempa mpangaji nguvu ya kudai kwamba naye ni wa kudumu. Ndiyo sababu nyumba za mtaa wetu zilibaki za fito na udongo, zikapigwa lipu kwa nje na kuezekwa mabati, hata zile za watu ambao mishahara yao ya bandarini ingetosha kununua matofali. Bibi yangu alizifunga risiti zake kwa uzi, mwaka kwa mwaka, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ushahidi wake wa pekee wa haki ya kukaa. Mjomba alipozipeleka benki kuomba mkopo wa kuchimba choo na kuongeza vyumba viwili, aliambiwa kwa adabu kwamba risiti za kodi si dhamana. Shamba la jirani lilipouzwa, waliokaa juu yake walipewa notisi, nao wakatoka na kile ambacho desturi iliwaruhusu kubeba: mabati, boriti, milango na fremu za madirisha. Kuta zilibaki, kwa sababu udongo haubebeki.

Mkopo wa nyumba wa benki, ambao wanasiasa huuzungumzia kana kwamba ndio mlango mkuu wa umiliki, hauwafikii watu hawa. Takwimu za Benki Kuu ya Kenya zinaonyesha kwamba mwaka 2022 mikopo ya aina hiyo haikufika 30,000 nchi nzima, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Kampuni ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, KMRC, iliyoanzishwa mwaka 2018 na yenye mabenki na sako miongoni mwa wanahisa wake, imerefusha muda wa kulipa na kupunguza riba kwa wale wanaokopesheka. Lakini safari ya mkopo huo huanzia kwenye hatimiliki na stakabadhi ya mshahara, vitu viwili ambavyo mama anayeuza mihogo soko la Kongowea hana hata kimoja. Watu wengi wa miji yetu hujenga kwa hatua, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati yakipatikana, kwa fedha za chama, za sako na za ndugu aliye Uarabuni. Mpango wowote usioukubali ukweli huo utawahudumia wale wale ambao tayari wangepata nyumba bila mpango.

Kuna namna ya kuitenganisha nyumba na ardhi inayomlinda mkazi badala ya kumweka mashakani, nayo ilizaliwa mbali na kwetu. Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, wanaharakati wa haki za kiraia akiwemo Charles Sherrod walianzisha New Communities mwaka 1969, karibu na mji wa Albany, ili wakulima Weusi, ambao wengi walikuwa wakifukuzwa mashambani kwa kuthubutu kujiandikisha kupiga kura, wawe na ardhi ambayo hakuna bwana angeweza kuwaondoa. Shamba lilikuwa na ekari zaidi ya 5,000. Ukame, pamoja na ubaguzi katika mikopo ya serikali kwa wakulima, ulilifilisi, na mwaka 1985 likapotea. Muundo wake, hata hivyo, ulikuwa umeshaigwa. Mwaka 1984 mji wa Burlington, Vermont, ulikuwa umetoa fedha za kuanzisha amana ya ardhi ya jamii ambayo leo inaitwa Champlain Housing Trust. Huko amana huishika ardhi daima. Familia hununua nyumba peke yake, kwa bei iliyopunguzwa kwa kuwa ardhi haimo, na hukodishiwa kiwanja kwa mkataba mrefu unaorithika. Siku ya kuuza, hurudishiwa ilichokilipa pamoja na robo ya ongezeko la thamani, na robo tatu zilizobaki hubaki ndani ya nyumba ili mnunuzi anayefuata naye aipate kwa bei anayoiweza.

Tuseme kwa shilingi: umenunua kwa 1,000,000, thamani ikapanda hadi 1,800,000. Ongezeko ni 800,000, robo yake 200,000 ni yako, na anayekufuata hununua kwa 1,200,000 au karibu na hapo. Wapo watakaosema umedhulumiwa 600,000. Mimi nawajibu kwamba ongezeko hilo mara nyingi halikutokana na jasho la mwenye nyumba bali na barabara, shule na kituo cha matatu vilivyojengwa na wengine, na kwamba familia iliyouziwa kwa punguzo haina hoja nzuri ya kumnyima mwingine punguzo hilo hilo. Hata hivyo asilimia yenyewe ni jambo la kujadiliwa, na pale ambapo nyumba ndiyo akiba ya pekee ya uzeeni, robo huenda ikawa ndogo mno.

Mtu wa Mombasa akiutazama mpangilio huo atautambua mara moja: jengo langu, ardhi ya mwingine, malipo kidogo ya kiwanja kila mwezi. Tofauti iko kwa yule aliyekaa upande wa ardhi. Kwetu alikaa mtu mmoja mwenye haki ya kuuza asubuhi yoyote. Katika muundo wa kawaida wa amana wamekaa wadhamini ambao theluthi yao ni wakazi wa nyumba hizo, theluthi ni watu wa eneo linalozunguka, na theluthi ni wawakilishi wa umma na wataalamu, na hati yao inawakataza kuiuza ardhi. Wala kwa watu wa Pwani wazo la ardhi isiyouzwa si geni, kwa sababu tunao wakfu, mali inayotolewa kwa ajili ya Mungu ikawa haiuzwi wala hairithiwi, na majengo mengi ya Mji wa Kale yako chini ya utaratibu huo. Kinachokosekana katika wakfu kwa shabaha yetu ni kura: msimamizi hawajibiki kwa wakazi kama kamati ya waliochaguliwa inavyowajibika, au angalau inavyopaswa kuwajibika.

Kenya ililijaribu jambo hili mapema kuliko wengi wanavyofahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania-Bondeni ulikuwa mtaa wa vibanda mjini Voi, juu ya ardhi ya wenyewe watatu: serikali, Shirika la Reli na kampuni ya shamba la mkonge. Mradi wa kuendeleza miji midogo, uliofadhiliwa na Ujerumani kupitia shirika lake la ushirikiano wa maendeleo, GTZ, na kuendeshwa pamoja na Wizara ya Serikali za Mitaa na halmashauri ya mji, uliwawekea wakazi mezani njia mbalimbali za kumiliki: hati ya mtu mmoja mmoja, ushirika wa nyumba, au amana ya ardhi ya jamii. Wakachagua amana. Walichokuwa wakikikwepa kinaonekana vizuri Dandora, Nairobi, ambako kuanzia mwaka 1975 mradi wa Benki ya Dunia uligawa viwanja vipatavyo 6,000 vilivyopimwa kwa watu wa kipato cha chini. Viwanja vilikuwa vya haki, mgao ulikuwa wa haki, lakini baada ya muda vingi viligeuka majengo ya vyumba vya kupangisha, na wengi waliokusudiwa kuwa wenye nyumba hawakukaa tena pale. Hati huru mikononi mwa mtu mwenye shida ya ada ya shule ni mwaliko kwa mnunuzi mwenye fedha taslimu.

Sheria ya Kenya ya wakati ule haikuwa na muundo wowote wa namna hiyo, kwa hiyo waliohusika waliuunganisha kwa vipande vilivyokuwepo. Chama kilisajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ili kiwe mahali pa uanachama na uamuzi, na chombo cha wadhamini kikaundwa ili kishike ardhi. Hati kuu ilikusudiwa kuwa ya amana, na kila kaya ipewe hati ndogo ya upangaji wa muda mrefu. Mwanachama angeweza kuuza nyumba na kila alichokiongeza, si kiwanja, tena mwenye kiwanja alitakiwa kukaa pale, asiwe bwana wa mbali anayetumiwa kodi. Vifungu hivyo bado navisifu. Kilichouchosha mradi ni makaratasi: hati kuu ilichukua miaka, faili ikisubiri idhini za ofisi ambazo hazikuwa na fomu ya kitu kama hicho, na kwa kipindi chote hicho wakazi walitakiwa waamini haki ambayo hawakuwa na karatasi ya kuionyesha. Amana huwaomba watu waache hati binafsi, jambo zito kwa Mkenya yeyote, na ukishawaomba hivyo huna ruhusa ya kuwachelewesha.

Katiba ya 2010 imefungua mlango kidogo, kwa kuwa Ibara ya 63 inaitambua jamii si kwa kabila na utamaduni tu bali pia kwa maslahi ya pamoja, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikafuata. Sheria hiyo imeandikwa kwa kuwafikiria zaidi wafugaji na watu wa vijijini. Mtaa wa mjini wenye watu wa kabila kumi unaweza kuingia kwa mlango wa maslahi ya pamoja, lakini utahitaji wakili mwenye subira.

Swali la pili, la orodha, lilijibiwa vizuri kuliko kwingine kote nikujuako katika kijiji cha Kambi Moto, mtaa wa Huruma, Nairobi. Jina lake linatokana na kuungua mara kwa mara. Ardhi ilikuwa ya Halmashauri ya Jiji. Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililoanza mwaka 1996 kupinga ubomoaji na unyakuzi wa ardhi, ulishirikiana huko na shirika la Pamoja Trust, na kazi ya mwanzo haikuwa kuchora nyumba bali kuhesabu watu. Wakazi wenyewe walipita mlango kwa mlango wakipiga namba, wakiandika nani mwenye kibanda, nani mpangaji na nani amekaa tangu lini, kisha orodha ikasomwa hadharani ili asiyekubaliana aseme mbele ya majirani wanaomjua. Karani wa serikali anaweza kudanganywa kwamba mtu ana vibanda vitatu. Mama anayeteka naye maji kila siku hadanganyiki.

Orodha hiyo ndiyo iliyowezesha makubaliano ambayo sijayaona yakipewa uzito unaostahili: aliyekuwa na vibanda kadhaa vya kupangisha na aliyekuwa mpangaji katika kimoja chao walikubaliana kwamba kila kaya itapata nyumba moja, na sawa kwa wote. Kwa mwenye vibanda hiyo ilikuwa hasara ya wazi. Aliikubali kwa sababu hakuwa na hati, kwa sababu moto na tingatinga havikuwahi kumbagua, na kwa sababu majirani zake walikuwa wengi kuliko yeye. Mwaka 2003 Halmashauri ilitia sahihi mkataba wa maelewano: jiji litoe ardhi na kulegeza viwango vya ujenzi, wakazi watoe akiba zao na nguvu za mikono yao, na shirika lilete wataalamu na njia ya mkopo. Bila kulegeza viwango hakuna ambacho kingejengwa, maana kiwanja cha chini kabisa kilichoruhusiwa na kanuni za jiji kingewaacha wengi wao nje.

Msingi wa kila nyumba una mita 4.5 kwa 4.5, nayo hupanda hadi ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Familia hujenga ya chini kwanza, ikahamia, ikaendelea kulipa na kuweka akiba, kisha ikapanda. Boriti na vibamba vya zege vya sakafu vilifyatuliwa na wakazi wenyewe, wengi wao wanawake, papo hapo kijijini, kwa hiyo gharama kubwa ya mbao za kufungia zege ikaondoka. Mtandao ambao Muungano ni sehemu yake una desturi ya kusimamisha kwanza nyumba ya kitambaa na miti yenye ukubwa halisi, ili watu waingie, wasimame, wanyooshe mikono, waseme ngazi hapa itakula jiko, au kitanda cha watu wawili hakitapita mlango huu. Mchoro wa karatasi humpa kauli msomi peke yake. Ndani ya kitambaa hata bibi asiyejua kusoma ana la kusema, na kwa kawaida ndilo la maana zaidi. Mwaka huo huo wa 2003 ukaanzishwa mfuko wa Akiba Mashinani, unaokopesha kupitia vikundi vya akiba, ambapo dhamana ni daftari la kikundi na aibu ya kuwaangusha wenzako.

Mukuru, upande wa viwanda wa Nairobi, njia hiyo ilipelekwa kwa ukubwa ambao haukuwahi kujaribiwa. Ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni huku maelfu wakiishi juu yake. Utafiti wa wakazi na washirika wao ulionyesha kwamba watu wa Mukuru walilipa zaidi kwa kipimo cha maji na cha umeme kuliko watu wa mitaa yenye nafasi, na hoja hiyo ndiyo iliyofungua masikio ya kaunti. Agosti 2017 eneo hilo, lenye kaya zipatazo 100,000, lilitangazwa kuwa eneo maalumu la upangaji. Mashirika zaidi ya 40 yaligawana kazi kwa mada, na wakazi wakapangwa kaya kumi kumi ili kila uamuzi upande kutoka kwao. Barabara, maji na mifereji ya maji machafu vimefika sehemu nyingi. Umiliki bado ni kesi ngumu, kwa sababu wenye karatasi za ardhi wapo na wana mawakili.

Kwa jirani zetu, mfano ninaoutaja daima ni Chamazi, wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Bandari ilipopanuliwa, watu wa Kurasini waliondolewa, na kama ilivyo kawaida fidia ilimtazama mwenye nyumba huku mpangaji akiachwa na mizigo yake. Wanachama wa Shirikisho la Watu Maskini Mjini, wakisaidiwa na Kituo cha Miradi ya Jamii, CCI, walichanga na kukopa wakanunua ekari 30 huko Chamazi, wakaunda ushirika wa nyumba, na manispaa ikakubali viwanja vidogo kuliko kiwango cha kawaida. Kwa kigezo cha orodha huu ni ushindi, maana waliosahauliwa na fidia ndio waliopewa nafasi. Kwa kigezo cha maisha ya kila siku kuna kasoro ambayo haifai kufichwa: Chamazi iko mbali na bandari na masoko ambako watu hao walikuwa wakipata riziki, na nauli ya daladala kwenda na kurudi ni mkopo wa pili usioandikwa popote. Ardhi ya bei nafuu karibu kila mara ni ardhi ya mbali. Hapo ndipo serikali, yenye ardhi ya umma katikati ya mji, inapohitajika zaidi kuliko mfadhili yeyote.

Serikali ya Kenya kwa sasa ina fedha. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa jumla, na mwajiri hulipa kiasi hicho hicho, baada ya Mahakama Kuu kuwa imeibatilisha tozo ya awali Novemba 2023. Sheria inazigawa nyumba kwa kipato, na nyumba za kijamii ni za wenye kipato kisichofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba, ilivyopitishwa, inamkataza mnunuzi kuuza nyumba bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Kwa maneno mengine serikali imelikubali wazo lile la Voi na Burlington kwamba nyumba iliyopunguzwa bei kwa fedha za umma isiishie mikononi mwa mlanguzi. Lakini idhini imewekwa kwenye ofisi ya Nairobi na si kwa majirani, na ofisi haijui kama aliyeko ndani ya nyumba namba fulani ndiye aliyepewa au ni mpangaji wake. Kibera, Soweto Mashariki, ambako nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016, malalamiko ya nyumba kupangishwa kwa watu wengine hayakuchelewa kusikika. Kwa maoni yangu kila mradi wa tozo hiyo ungepaswa kuwa na chama cha wakazi chenye sauti ya kisheria katika mauzo na katika orodha, kabla ya jiwe la kwanza.

Pwani tumezoea njia nyingine, ya serikali kununua shamba na kugawa hati. Shamba la Waitiki, Likoni, la ekari 930, lilimalizwa kwa namna hiyo na hati zikagawiwa Januari 2016. Siwezi kumlaumu mtu aliyepokea hati baada ya miaka ya wasiwasi, na mwenye kumlaumu hajawahi kuamka na notisi mlangoni. Lakini Likoni itapata daraja la kudumu siku moja, bei ya ardhi itaruka, na hati moja moja zitaanza kuondoka, kuanzia za wajane na wagonjwa.

Kikundi chetu cha Kisauni kinaandaa katiba ya chama kitakachonunua ardhi kutoka kwa warithi wa mwenye shamba, ambao baadhi yao wako tayari kuuza kwa pamoja. Kuhusu kutouza kiwanja tumekubaliana bila shida. Kuhusu majina ya mume na mke kuandikwa wote wawili kwenye daftari tulibishana jioni nzima, na waliopinga walishindwa kwa kura. Mirathi ni ngumu zaidi. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na warithi kumi na wanne, kila mmoja na fungu lake la kisharia, mmoja Lamu, wawili Muscat, na aliyemwuguza marehemu akiwa ndiye mwenye fungu dogo. Pendekezo lililopo ni kwamba mafungu ya thamani ya jengo yabaki kama sharia inavyoyagawa, ila haki ya kukitumia kiwanja ishikwe na mrithi mmoja anayekaa pale, na wengine walipwe polepole kupitia mfuko wa chama. Kadhi tuliyemwendea hakuona tatizo katika hilo.

Kinachotugawa hadi sasa ni wapangaji wa vyumba. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati na vyumba kila upande. Mwenye nyumba hukaa kimoja au viwili na vilivyobaki hupangisha, na wapo wapangaji waliozalia na kuozesha watoto humo. Tukihesabu milango ya mbele, kiwanja kina kaya moja. Tukihesabu majiko, kina kaya tano. Wenye nyumba wanasema wao ndio waliolipa kodi ya ardhi miaka yote, na wana haki kusema hivyo. Mimi nimesimama upande wa wapangaji, nikipendekeza kwamba aliyekaa miaka mitano awe mwanachama kamili mwenye kura, na awe wa kwanza kuuliziwa nyumba inapouzwa au inapoongezwa ghorofa, kwa kuwa fedha tulizolipia kodi ile kwa sehemu kubwa zilitoka mifukoni mwao. Ofisi ya ardhi ya kaunti imetutaka tuambatanishe orodha ya kaya pamoja na ombi la kupima, na orodha hiyo haiwezi kuandikwa kabla ya mkutano kuamua nani ahesabiwe kuwa kaya.